Mifano ya Ndege za Vita vya Kagera Isibuniwe

Wahunzi wa Karagwe walikuwa mabingwa wa kuunda mifano muda mrefu kabla ya ndege ya kwanza kuruka duniani. Stanley, alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina yenye sanamu za wanyama za shaba, na ufundi wa nchi hiyo umetuachia pia ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda. Mhunzi yule hakuthubutu kuzifupisha pembe zile ili kupunguza kazi. Ng'ombe wa nchi ile asiye na pembe ndefu angekuwa ng'ombe wa watu wengine.

Tunaukumbusha ufundi huo kwa sababu tuna ombi. Tungependa vijana wanaojifunza useremala na ufuaji wa vyuma katika wilaya za Karagwe na Kyerwa wakabidhiwe kazi ya kuunda mifano ya ndege za kivita zilizoruka juu ya mkoa huu katika vita vya 1978 na 1979. Wakati ule wilaya hizo mbili zilikuwa moja, na mkoa wenyewe ukiitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka 1979. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi Bukoba iliposhambuliwa kwa mabomu mwezi Oktoba 1978 leo anakaribia miaka sitini. Anayesafiri kutoka Kayanga kwenda Bukoba hupita Kyaka, hulitazama daraja, na aghalabu huambiwa kuwa ndege za Amin ndizo zilizolivunja. Sivyo. Ndege zilijaribu mara kadhaa zikashindwa, na daraja likaangushwa Novemba 1978 kwa baruti iliyotegwa na mtaalamu wa migodi ya Kilembe. Habari ikipita mdomo kwa mdomo kwa zaidi ya miaka arobaini, hupoteza pembe zake.

Wapo watakaosema kwamba mfano wa ndege ni mchezo wa watoto. Basi na tuitazame Musoma. Imeandikwa katika historia za vita hivyo kwamba, mapigano yalipoanza, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa na kikosi chetu wenyewe cha ulinzi wa anga kilichodhani kuwa ni za adui. Kosa hilo lilikuwa na chanzo. Uganda ilikuwa na MiG-17 na MiG-21. Ndege zetu zilikuwa za ukoo huo huo wa MiG, nyingine zikiwa zimeundwa China kwa kufuata michoro ya Kirusi. Mtu aliye chini, jua likimpiga machoni, huona kivuli tu kinachokuja kwa mngurumo, naye ana sekunde chache za kuamua.

Tofauti zipo, ila ni za kujifunza mapema. MiG-17 ina mabawa yaliyolala nyuma, na bawa dogo la mkiani limepandishwa katikati ya usukani wa wima. F-6 ya Kichina, inayotokana na MiG-19, nayo ina mabawa yaliyolala nyuma, lakini bawa lake la mkiani limeshuka hadi kwenye kiwiliwili, na nyuma ina matundu mawili ya moto badala ya moja. MiG-21 ina mabawa ya pembetatu, na katikati ya mdomo wake hutokeza koni. Fundi akikosea urefu wa bawa la mkiani kwa nusu sentimita, au akiweka tundu moja mahali pa mawili, ameunda ndege nyingine.

Mataifa makubwa yalilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1942 Jeshi la Maji la Marekani liliwataka wanafunzi wa shule watengeneze mifano 500,000 ya ndege za kila upande, kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili, ikapakwa rangi nyeusi ili askari wajizoeze kutambua umbo peke yake. Hesabu yake ni nyepesi: mfano wa kipimo hicho ukiwa mita 10 mbele yako, unaonekana kama ndege halisi iliyo mita 720. Kwa kipimo hicho mabawa ya MiG-21, ambayo ni mita 7.15, huwa sentimita kumi hivi, yaani hayazidi kiganja cha mtu mzima.

Kwa maonyesho ya hadhara tungependelea moja kwa kumi, na vifaa vipo. Mti laini kama msizi huchongeka vizuri kwa kiwiliwili. Kioo cha rubani hupatikana kwa kuipasha moto chupa ya maji ya plastiki na kuikaza juu ya kalibu ya mti. Mistari ya mabati huchorwa kwa ncha ya msumari, na masizi ya taa ya mafuta, yakipakwa kwa kidole nyuma ya tundu la moto, hufanya kazi kuliko rangi ya dukani. Kijana aliyewahi kutengeneza gari la waya hahitaji kufundishwa subira.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani jambo hili ni la watu wa bara peke yao. Machi 29, 1979, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakaukosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saa Nane na kuua wanyama pori. Ndege ile ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 41. Iwekwe kando ya MiG kwa kipimo kimoja, na mtoto wa Bumbire au Ukerewe ataelewa kwa kutazama tu ni mzigo gani uliopita juu ya ziwa lake.

Kinachokosekana ni habari sahihi. Rangi, namba na alama za ndege zetu za mwaka ule mafundi wa Karagwe hawawezi kuzikisia, wala hatupendi wazikisie. Picha na michoro iko mikononi mwa Jeshi na Wizara, na hatuoni siri gani ya ulinzi imebaki katika ndege za umri huo. Tunaomba pia tukio la Musoma lisirukwe katika maelezo yatakayobandikwa chini ya mifano. Na maneno yenyewe yaandikwe kwa adabu: watu wa Murongo wanafanya biashara kila siku na jirani zao wa Kikagati ng'ambo ya mto, na Waganda nao waliteswa na utawala ule ule.

Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinaweza kutoa mbao na chumba. Wizara itoe michoro. Siku ya Mashujaa ni Julai 25. Ingefaa jibu lipatikane mapema, kwa maana mbao mbichi huchukua miezi kukauka.