Tusisubiri kisukari ndipo tukumbuke kiburu

Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika hapa nyumbani, mkoani Kilimanjaro, na ulistahili kutukosesha usingizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KCMC mjini Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwafuatilia wanaume 77 wenye afya njema. Baadhi ya wanakijiji waliozoea ndizi, maharage na mboga za majani walilishwa vyakula vya mjini: mkate mweupe, soseji, chipsi. Baadhi ya wenzao wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha wazee wao, kikiwemo kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage.

Ilichukua wiki mbili tu. Damu ya waliohamia kwenye soseji ikaonyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaoandamana na kisukari na maradhi ya moyo, na kinga yao ikalegea. Kwa waliorudi kwenye kiburu, dalili hizo zikashuka. Wiki nne baadaye, baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yamo mwilini.

Kama wiki mbili zinafanya hayo, miaka ishirini ya chipsi mayai inafanya nini? Tayari mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa Tanzania ulikuta watu wapatao 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na takriban robo wana shinikizo la juu la damu.

Tunaogopa zaidi aibu tuliyoivika mboga. Maharage yamegeuzwa chakula cha bweni na cha mwisho wa mwezi. Mgeni akija, mwenye nyumba huomba radhi kwa kumpakulia mchicha. Kijana akipata mshahara wa kwanza, majirani huujua kwa supu ya asubuhi na nyama choma ya jioni. Kisamvu cha nazi, mbaazi, kunde, mlenda, vyakula vilivyowalea bibi na babu zetu, tunavikumbuka daktari anapotuandikia.

Hatumwambii kila mtu aache nyama. Dagaa wa mtoto wabaki kwenye sahani yake. Wala kukosa nyama pekee hakuleti afya, maana chipsi na soda nazo hazina nyama. Tunachotaka ni maharage, mboga na matunda vichukue nafasi kubwa ya sahani, na nyama irudi kuwa ya siku chache.

Anayeanza aende taratibu. Tumbo lisilozoea litajaa gesi likipewa sahani nzima ya maharage siku ya kwanza. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya. Choroko au kunde zishike zamu ya nyama siku mbili kwa wiki, kisha tatu. Sembe iipishe dona, kwa kuwa kukoboa huondoa pumba na kiini, na nyuzinyuzi na vitamini huondoka navyo. Matembele yakamuliwe limau ili mwili ufyonze madini ya chuma, na chai, ambayo huyazuia, isinywewe pamoja na chakula. Anayeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa ajue mimea haitampa vitamini B12; atafute vidonge, hasa mama mjamzito na anayenyonyesha. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kwanza, sukari yake isije ikashuka kupita kiasi.

Wizara za afya na elimu zina wajibu wao, nasi hatutachoka kuudai. Lakini wakuu wa shule hawahitaji waraka kutoka Dodoma ili mama anayeuza mihogo ya kuchemsha, mahindi na machungwa apewe nafasi getini, pale ambapo leo pameinjikwa karai la chipsi. Muhula ujao uanze hivyo.