Zimwi Lisilouma

Imani imeota mizizi miongoni mwa wacheza gemu: kwamba gemu ya kutisha isiyoweza kukuua haitishi. Ondoa hatari ya kufa, wanasema, ubakiwe na matembezi tu. Kauli hii si kweli, na ushahidi wangu ni SOMA, iliyotolewa Septemba 2015 na Frictional Games, studio ndogo inayojitegemea ya Uswidi, ile ile iliyotuletea Amnesia: The Dark Descent mwaka 2010.

Mhusika mkuu, Simon Jarrett wa Toronto, aliyeumia ubongo katika ajali ya gari, anakubali ubongo wake upigwe picha na mashine ya majaribio. Anapofumbua macho ni mwaka 2104, yumo ndani ya kituo chini ya bahari ya Atlantiki, na nyota yenye mkia imekwisha kuteketeza uso wa dunia. Yeye mwenyewe ni nakala, imewekwa ndani ya mwili usio wake.

Mazimwi ya gemu hii ndiyo udhaifu wake mkubwa. Yanarandaranda kwenye korido, nawe umejibanza gizani ukisubiri yapite. Mwanzoni, kweli, moyo unadunda, na saa zile za kwanza sizibezi. Lakini zimwi likikukamata unaamka ukichechemea. Likikukamata tena unarudishwa nyuma kidogo, unaanza upya. Baada ya hapo ni kero, hasa unapotaka kusikiliza maneno ya mwisho ya wafanyakazi wa kituo. Kifo kinachofutika kwa sekunde chache kitamtisha nani?

Sasa tazama Simon anapotakiwa kushuka kwenye kina ambako shinikizo la maji lingemponda. Catherine Chun, mwenzake katika safari, anamwambia akae kitini ahamie mwili mwingine. Anafumbua macho katika mwili mpya, kisha anasikia sauti yake mwenyewe kutoka kwenye kiti kile, ikiuliza kwa nini hakuna kilichotokea. Hakuhamishwa. Amenakiliwa, na yule wa kwanza bado yupo! Anasinzia, na uamuzi unabaki mikononi mwako: ummalizie betri asiamke kamwe, au umwache aamke peke yake chini ya bahari. Hakuna zimwi linalokufukuza, wala saa inayokuhimiza. Nililia pale.

Desemba 2017 watengenezaji wenyewe waliongeza Hali Salama, ambamo mazimwi yamo lakini hayaui. Wachezaji walikuwa wametangulia na nyongeza yao ya namna hiyo, wakaipachika jina la waoga. Jina hilo linaniudhi. Anayecheza hivyo hakwepi chochote cha maana. Anakutana na kiti kile kama sisi wengine, akili yake ikiwa haijachoshwa na kujificha.

Dosari nyingine ipo: hadi mwisho Simon haelewi kunakiliwa ni nini, ingawa ameshapitia. Hapo uandishi umelegea, mchezaji anamtangulia mhusika kwa saa nzima.

Lakini wanaolaumu kwamba maamuzi yako hayabadilishi mwisho wa hadithi siwaungi mkono hata kidogo. Kama kungekuwa na pointi au zawadi, ungepiga hesabu, ukachagua lenye faida. Frictional hawakukupa adhabu wala sifa. Ulichomfanyia mtu yule kitini unabaki nacho wewe, na hakuna pa kukirudishia nyuma.