Ajabu Nayo Ina Haki Yake

Tangu kitabu cha Kusadikika cha marehemu Shaaban Robert kilipotoka mwaka 1951, wahakiki wetu, na waalimu waliofuata nyayo zao, wameshika ada ya kuipita mbio nchi ile inayoelea angani, pamoja na wale wajumbe sita waliotumwa pande zote hata mbinguni na ardhini, ili wafike upesi kwenye dhuluma ya wakoloni iliyositirika nyuma ya kisa. Sikatai kwamba dhuluma imo. Nikataalo ni kuifanya ajabu kuwa pazia tu, likishafunuliwa halitazamwi tena.

Tukitazame Adili na Nduguze, kitabu kingine cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka uliofuata. Kwamba kina nasaba na hekaya ya Abdallah bin Fadhil iliyomo katika Alfu Lela Ulela, maulamaa wamekwisha kubainisha; lakini katika hekaya ile ndugu mahasidi waligeuzwa mbwa, ilhali katika kitabu hiki jini Huria aliwageuza manyani, na Adili, liwali wa Janibu, akalazimika kuwapiga kila usiku huku moyo ukimuuma. Kwa nini manyani? Yamkini ni kwa kuwa nyani ana mikono na uso unaokaribia wa mwanadamu, hata kila pigo likamrudia apigaye. Yamkini pia msomaji wa Tanga alimjua nyani kwa uharibifu wake mashambani. Anayekimbilia maadili hana wasaa wa kuuliza.

Fauka ya hayo, silsila hii ya ajabu haikukatika. Yupo Kezilahabi na riwaya zake Nagona na Mzingile, yupo Wamitila na riwaya yake Bina-Adamu!, na yupo Katama Mkangi, ambaye katika Walenisi (1995) alimtia mhukumiwa wake katika chombo cha kurushwa angani afie huko, naye akafika katika nchi yenye uadilifu kuliko ile iliyomhukumu. Aghalabu vitabu hivi husomeshwa kila kimoja mbali na chenziwe, hiki kwa jina la istiari, kile kwa jina la uhalisiajabu (neno zito, lenye kumtisha mwanafunzi kuliko majini wenyewe), ilhali vikikalishwa pamoja husemezana: kwa Shaaban Robert msafiri hurudi na habari njema za nchi za mbali akatiwa gerezani, na kwa Mkangi hukumu yenyewe ndiyo inayomsafirisha. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu, ambazo hazikosi wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, zingeweza kuanzia papo hapo, kwenye mahakama na safari.