Nepi ya mtoto nayo ipigiwe hesabu

MSIMU wa mavuno unapokwisha, mkulima hukaa chini akapiga hesabu ya mbegu, mbolea na vibarua. Mwenye genge naye huhesabu mauzo yake kila jioni kabla ya kufunga. Lakini ipo gharama moja ambayo kaya nyingi zenye watoto wachanga huilipa kila siku bila kuiandika popote. Gharama hiyo ni nepi.

Zamani jambo hili halikuwa na mjadala. Kanga kuukuu ilichanwa vipande, mtoto akafungwa winda. Waliojiweza walinunua nepi nyeupe za pamba, wakazibana kwa pini na kumvalisha mtoto chupi ya nailoni juu yake. Leo pampasi zimefika hadi kwenye maduka ya vijijini, na jina lenyewe limetokana na chapa ya Pampers ya kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1961. Zinauzwa kwa paketi, na kwa asiye na fedha ya paketi zinauzwa moja moja.

Hapo ndipo fedha inapovuja. Tuchukue mtoto anayetumia pampasi nne kwa siku, na tuseme moja ni Sh400. Anayenunua kwa bei nyingine aweke bei ya kwake, njia ya hesabu ni ile ile. Kwa siku ni Sh1,600, kwa mwezi wa siku 30 ni Sh48,000. Kwa miaka miwili ni pampasi 2,920, sawa na Sh1,168,000. Kwa mfanyabiashara mdogo huo ni mtaji, tena ni mtaji uliotupwa jalalani.

Sasa tuangalie nepi za kitambaa. Nepi 24 kwa Sh2,000 kila moja ni Sh48,000. Chupi sita za kuzuia maji kwa bei hiyo hiyo ni Sh12,000, na ndoo mbili za kulowekea tuseme Sh10,000. Jumla ni Sh70,000. Ongeza sabuni ya Sh3,000 kwa wiki, na madumu mawili ya maji kwa siku kwa Sh100 kila moja. Kwa miaka miwili sabuni itafika Sh312,000 na maji Sh146,000. Ukijumlisha vyote unapata Sh528,000, yaani chini ya nusu ya gharama ya pampasi. Mtoto wa pili akizaliwa, nepi nyingi bado zipo kabatini.

Wengi huishia hapo na kusema kitambaa kimeshinda. Sisi tunasema hesabu hiyo haijakamilika, kwa sababu imemwacha nje anayefua. Tukikadiria dakika 40 kwa siku za kuloweka, kufua na kuanika, kwa miaka miwili ni zaidi ya saa 480, sawa na siku 60 za kazi za saa nane. Mama anayeuza mboga sokoni au anayepalilia shamba amezitoa siku hizo bila malipo, na maji yakiwa mbali siku huongezeka. Baba anayesifu unafuu wa nepi za kitambaa huku hajawahi kushika hata moja yenye choo, anasifu unafuu unaolipwa na mwenzake.

Kwa mantiki hiyo, jibu linalofaa kaya nyingi ni lile ambalo mkulima analifahamu shambani, yaani mseto. Anayepanda mahindi na maharage pamoja hategemei zao moja. Vivyo hivyo, mtoto anaweza kuvaa kitambaa akiwa nyumbani mchana, na pampasi moja usiku, au siku ya gulio na safari. Pampasi moja kwa siku ni Sh292,000 kwa miaka miwili. Sabuni na maji vikipungua kwa robo vitagharimu Sh343,500, na vifaa ni vile vile vya Sh70,000. Jumla ni Sh705,500. Kaya imeokoa Sh462,500, na mama amepata usingizi.

Aidha, zipo nepi zilizoshonwa kwa mseto huo. Zina ganda la nje lisilopitisha maji na lenye vifungo vya kuongeza au kupunguza ukubwa kadiri mtoto anavyokua. Ndani huwekwa kitambaa cha kufua au pedi ya kutupa. Mtoto akikojoa, kinachobadilishwa ni cha ndani, ganda linaweza kutumika tena kama halijachafuka. Bei yake ya kuanzia ni kubwa, hivyo ni vema kununua mbili au tatu za majaribio kabla ya kujaza kabati.

Wapo watakaosema tofauti ya kimazingira ni ndogo. Ni kweli kwamba utafiti wa Shirika la Mazingira la Uingereza wa mwaka 2008 ulikuta nepi za kutupa zikizalisha wastani wa kilo 550 za hewa ya ukaa kwa mtoto wa miaka miwili na nusu, na za kufua kilo 570. Lakini huko nepi hufuliwa kwa mashine na maji ya moto, na nyingine hukaushwa kwa umeme. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa zikianikwa kwenye kamba na kutumiwa na mtoto wa pili, za kufua zinashinda. Jua letu halina ankara.

Taka nazo zinamhusu mkulima moja kwa moja. Pampasi ina plastiki, nyuzi za miti na chembechembe zinazofyonza maji na kuvimba. Ukiitumbukiza chooni, shimo hujaa mapema. Ukiitupa kwenye shimo la mboji, plastiki inarudi shambani. Ukiiacha njiani, ng'ombe au mbuzi anaweza kuila, na plastiki haisagiki tumboni. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 haikuzigusa nepi. Kwa hiyo anayetumia pampasi amwage kwanza kinyesi chooni, azikunje na kuzifunga, kisha azipeleke panapokusanywa taka. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu vya magonjwa kama cha mtu mzima.

Kuhusu afya, upele wa nepi hauchagui bei. Hutokana zaidi na mtoto kukaa muda mrefu na mkojo au kinyesi, na ndiyo hatari ya kubana matumizi kwa kumwacha na pampasi moja kutwa. Nepi za kitambaa zisuuzwe mpaka sabuni iishe, zikauke kabisa juani, na zipigwe pasi. Katika maeneo mengi yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake hupenya ngozi ya mtoto. Pasi ya moto huua mayai hayo.

Ni rai yetu kwamba wazazi wapange bajeti ya nepi kabla mtoto hajazaliwa, na wanaotumia pampasi wanunue paketi badala ya moja moja. Wanavikundi wa kuweka na kukopa wanaweza kuchanga na kununua kwa jumla. Mafundi cherehani walione soko hili, kwani nchi inayolima pamba haina sababu ya kuagiza kila nepi kutoka nje. Halmashauri nazo, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi jukumu la taka ngumu, zitenge mahali pa kuzipeleka taka hizi, hasa kwenye miji midogo na masoko.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sh1,600 za kila siku nazo ni haba. Kila kaya iamue yenyewe zitajaza kibaba cha nani.