Ziwa Usilolijua

Simoni Petro alipotambua ya kuwa ni Bwana asimamaye ufuoni, alijitupa majini asingojee chombo. Nasi twampenda kwa haraka yake. Lakini yeye alikuwa mvuvi, na ziwa lile alilijua tangu ujana wake. Mgeni afikaye kwenye ziwa la mashambani Ufaransa siku ya jua kali hana maarifa hayo. Kwa ajili yake, na kwa waalimu waongozao vijana huko, twaandika mwezi huu.

Joto la maji ya juu hudanganya. Ziwa la Annecy, lililo kati ya milima ya Haute-Savoie, lina kina cha mita 82. Wakati wa kiangazi maji ya juu hupata nyuzi 20 na zaidi, watu wakayafurahia. Bali yale ya chini hukaa baridi mwaka mzima. Arukaye kutoka mwambani huyafikia kwa nukta chache tu. Baridi ile humpiga kifuani, naye huvuta pumzi kwa nguvu pasipo kutaka. Na kinywa kikiwa chini ya maji, huvuta maji badala ya hewa. Hata mwogeleaji hodari hufa hivyo, asipate nafasi ya kuutumia uhodari wake.

Basi yafaa kuingia polepole kwa miguu, kujirushia maji usoni na shingoni, na kungoja pumzi itulie. Ukitumbukia kwa ghafula, usipigane na maji: lala chali, uelee, mpaka mshtuko upungue, jambo ambalo kwa kawaida huchukua dakika moja au mbili. Kisha ogelea kando ya ukingo pamoja na mwenzio, wala usilikate ziwa katikati. Vaa kofia ya rangi kali, na boya dogo lifungwe kiunoni kwa kamba, ili wenye mashua wakuone. (Habari ya mvinyo wa mchana, neno letu mwalijua.)

Yako pia maziwa yaliyofanywa na watu, kama lile la Sainte-Croix huko Verdon, lililokifunika kijiji cha kale cha Les Salles-sur-Verdon katika miaka ya 1970. Karibu na ukuta wa bwawa la umeme usiogelee kamwe, maana maji huweza kupanda au kushuka bila mtu kuonekana akiyafungulia.

Tangu mwaka 1922 ulipopita miaka 100, yaani 2022, bendera za Ufaransa zina desturi mpya: mahali palindwapo huonyeshwa kwa bendera nyekundu na manjano. Mlingotini, kijani ni ruhusa, manjano ni hadhari, nyekundu ni katazo.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Ni kweli akikushika. Ndiyo sababu humtupii mwili wako, bali kamba, ubao au boya. Lakini mtoto mara nyingi huzama kimya, hapigi hata ukelele, na mama aliyegeuka kukata mkate hasikii kitu. Mtu mzima mmoja akae kutazama, asiwe na kazi nyingine.

Msaada huitwa kwa nambari 112. Kabla hamjavua viatu, someni jina la ufuo ubaoni, maana mtaulizwa mlipo.