Shauri la Ndoa na Ada ya Wakili

Shauri la talaka nchini Tanzania huanzia barazani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ugomvi wa mume na mke upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la dini, na likishindwa kuwapatanisha litoe hati. Ukiacha mazingira machache yaliyotajwa na sheria yenyewe, kesi iliyofunguliwa bila hati hiyo huweza kubatilishwa kwenye rufaa, hata kama wakili alilipwa vizuri.

Hati ikipatikana, mkazi wa Kingerikiti mkoani Ruvuma anaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, yenye mamlaka juu ya mashauri ya ndoa kama zilivyo mahakama za juu. Huko mawakili hawakuruhusiwa kwa miaka mingi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamewafungulia mlango pale tu anapoketi hakimu mkazi. Lugha ni Kiswahili, na mdai huulizwa mambo anayoyajua kuliko yeyote: nani aliondoka nyumbani, nani analisha watoto.

Ugumu uko kwenye mali. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo Bi Hawa hakuongezewa kitu, kwani ilionekana alizitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Basi mke aliyepalilia mibuni miaka kumi na aende na ushahidi: stakabadhi za mauzo ya kahawa zilizokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, na jirani aliyemwona akichimba mashimo ya miche. Bila hivyo, wakili naye hana la kushika.

Inasikitisha kuona familia ikiuza kahawa ingali mtini, kwa yale yaitwayo magoma, ili kulipia talaka isiyo na mali ya kugombania. Kwa talaka ya namna hiyo, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 hushauri na kuelekeza bure, ingawa hawasimami mahakamani. Wakili anastahili gharama pale penye nyumba au ardhi yenye hati, upande wa pili ukiwa na wakili wake, au shauri likifika rufaa. Hapo ada iandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni, na karatasi itaje kama inaishia kwenye hukumu au inaendelea hadi Mahakama Kuu Songea.