Mezani kwa Mwalimu: Ndege ya Mfano na Hesabu ya Uzito



Baada ya miezi kadhaa ya kuzungumzia mitihani, ada na lugha ya nyumbani, mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuweke madaftari kando na kuzungumzia mchezo. Wazazi kadhaa wa hapa Dubai Investments Park wametuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: watoto wao wanataka ndege ndogo ya umeme inayoongozwa kwa redio, je, wawanunulie? Jibu letu ni fupi, na maelezo yake ndiyo marefu. Msinunue ndege iliyokwisha kuundwa. Nunueni vifaa, mkaijenge pamoja nao. Na mkishaijenga, msiirushe hapa tunapoishi.

Tuanze na kujenga. Watoto wa pwani yetu hawakungoja duka kuwaletea mchezo. Walichonga vidau na kuvishindanisha ufukweni. Wa bara walikunja waya na makopo wakapata magari yenye usukani. Na ni nani kati yetu hakuwahi kurusha tiara ya karatasi na vijiti vya chelewa? Aliyetengeneza tiara alijifunza mapema kwamba kijiti kizito upande mmoja huiangusha, na kwamba mkia mfupi huifanya izunguke kama mlevi. Hiyo ilikuwa elimu ya ndege, ingawa hapana aliyeiita hivyo. Wanetu wanaokulia katika majengo haya, baina ya maghala na karakana, wanajua majina ya vitu vingi vya umeme kuliko sisi, lakini wengi wao hawajawahi kukifungua hata kimoja wakaona kinavyofanya kazi. Hapo ndipo hasara ilipo, na hapo ndipo ndege ya mfano inapoweza kutusaidia.

Sasa, tujenge ndege gani? Tunashauri ile ambayo wengi wetu tumeipanda kwenda Pemba au Mafia: Cessna Caravan. Ndege hii, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, inamfaa mwanafunzi kwa sababu tatu. Bawa lake liko juu ya kiwiliwili, hivyo hutulia angani. Ina pangaboi moja tu puani. Na magurudumu yake hayakunjwi. Ile ndefu ya aina hiyo, inayoitwa Grand Caravan, ina mabawa yenye upana wa mita 15.87 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa mita 12.68. Tukigawa kila kipimo kwa 12, tutapata mfano wenye mabawa ya sentimita 132 na urefu wa karibu sentimita 106. Unaenea juu ya meza ya chakula, mradi mama mwenye nyumba akubali.

Hapa mwalimu huinua chaki. Urefu umegawanywa kwa 12. Je, eneo la bawa nalo? La. Eneo ni urefu mara upana, kwa hiyo hugawanywa kwa 12 mara mbili, yaani kwa 144. Bawa la ndege halisi lina karibu mita za mraba 26. La mfano litakuwa na 0.18 tu. Na uzito? Uzito hufuata ujazo, hivyo hugawanywa kwa 12 mara tatu, yaani kwa 1,728. Ndege halisi inaruhusiwa kuruka na uzito wa kilo 3,969. Mfano wake, kwa kipimo hicho hicho, ungekuwa na kilo 2.3. Mtoto anayeielewa aya hii amepata jambo ambalo wengine hufika sekondari bila kulielewa: ukikipunguza kitu, vipimo vyake havipungui vyote kwa kadiri moja.

Hata hivyo, sisi hatutaki kilo 2.3. Twataka kilo 1.1 au chini yake. Bawa dogo linalobeba uzito mkubwa hulazimika kwenda kasi ili lisianguke. Mfano wa kilo 2.3 utahitaji kasi ya karibu mara moja na nusu ya ule wa kilo 1.1, na ukigonga ardhi, pigo lake litakuwa na nguvu zaidi ya mara nne. Ndiyo maana mabawa huundwa kwa mbao laini ya balsa au sponji ngumu, wala si kwa plaiwudi. Gundi nayo ipakwe kwa ncha ya kijiti. Tone moja halina uzito, wala rangi ya ziada haina uzito, wala skrubu moja zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na katika ndege kibaba hicho hubebwa na betri. Kila kijenzi kipimwe kwa mizani ya jikoni kabla ya kubandikwa, na mtoto aandike gramu zake daftarini.

Tuje kwenye umeme. Ndege za mfano za umeme si jambo la jana. Tarehe 30 Juni 1957 Kanali H. J. Taplin wa Uingereza alirusha ndege ya mfano ya umeme iliyoongozwa kwa redio. Lakini kwa miaka mingi baadaye umeme uliachwa nyuma na injini ndogo za mafuta, kwa sababu betri zilikuwa nzito mno kwa nguvu zilizotoa. Mambo yaligeuka katika miaka ya 2000, zilipoenea betri za lithiamu na mota zisizo na vipande vya kaboni vinavyosuguana ndani yake. Leo ndege ya umeme haina moshi, haina mafuta ya kumwagika, na mtu akiwa chumbani anaweza kuijaribu mota yake bila kuwaamsha majirani, ila kwa sharti kwamba pangaboi limevuliwa kwanza. Pangaboi hilo hukata kidole kama kisu, halina mzaha.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Nguvu kwa wati ni volti mara ampea. Ndege tulivu ya aina hii huhitaji karibu wati 220 kwa kila kilo. Yetu ina kilo 1.1, basi yahitaji wati 242. Betri ya lithiamu yenye seli tatu, kila seli volti 3.7, hutoa volti 11.1. Gawa 242 kwa 11.1: tunapata ampea 22 kwa karibu sana. Kwa hiyo kidhibiti-mwendo, yaani kile kijisanduku kinachopeleka umeme kwenye mota kwa amri ya redio, kisiwe cha ampea 20. Kiwe cha 30 au 40. Nyaya ziwe nene, na viungio vibane. Kamba hukatikia pabovu, na umeme huunguza penye uembamba.

Betri nayo itadumu muda gani? Tuseme ni ya ampea-saa 2.2, kipimo ambacho juu ya betri yenyewe huandikwa 2200. Kwa ampea 22 itakwisha katika sehemu moja ya kumi ya saa, yaani dakika 6. Lakini betri hizi hazipaswi kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Huachiwa asilimia 20. Basi, kwa nguvu zote, hupati hata dakika 5. Rubani mwenye busara hutumia nguvu zote wakati wa kupaa tu, kisha hupunguza, na hivyo muda hurefuka. Mtoto aliyepiga hesabu hii kwa mkono wake hatauliza tena kwa nini ndege za abiria zinazokwenda Dar es Salaam au Nairobi bado hazitumii betri.

Wala msidhani hesabu hii ni ya watoto peke yao. Tarehe 9 Machi 2015, kutoka Abu Dhabi, iliondoka Solar Impulse 2, ndege ya umeme wa jua iliyoizunguka dunia na kurejea pale pale tarehe 26 Julai 2016. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 72, ilhali uzito wake ulikuwa kilo 2,300 tu, na kati ya hizo kilo 633 zilikuwa betri. Zaidi ya robo ya ndege ilikuwa betri! Wahandisi wake walisumbuliwa na jambo lile lile linalomsumbua mtoto mwenye mizani ya jikoni.

Kabla ya mota kuwashwa, liko jambo la urari. Ishikeni ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, mahali palipo baina ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikilala sawa, au pua ikainama kidogo, vyema. Mkia ukizama, ndege hiyo haitamtii mtu. Usiongeze risasi puani kwa haraka. Isogeze betri mbele kwanza, kwani ndicho kitu kizito kinachohamishika bila kuongeza gramu hata moja.

Sasa tunawaomba wazazi wasome aya hii mara mbili. Betri ya lithiamu ikidhulumiwa huwaka moto mkali wenye moshi wa sumu, na wengi wetu tunaishi familia mbili katika nyumba moja, au watu kadhaa katika chumba kimoja. Kwanza, ichajiwe kwa chaja yake inayosawazisha seli, kila seli isizidi volti 4.2, na wakati wa kuirusha seli isishuke chini ya volti 3. Pili, ichajiwe juu ya vigae, ndani ya chungu cha udongo au mfuko maalumu usioshika moto, mbali na kitanda na pazia, na mtu mzima awe macho karibu yake. Asilale, wala asitoke kwenda dukani. Tatu, betri iliyovimba au kutobolewa haina tiba. Ipelekwe kwenye vituo vinavyopokea betri mbovu, isitupwe katika pipa la jengo. Nne, isiachwe ndani ya gari wakati wa kiangazi, ambapo joto la garini hupita kiasi chochote kinachoivumilika betri. Tano, ikiwa haitumiki kwa wiki nzima, iachwe na karibu nusu ya chaji, volti 3.8 kwa seli. Na mnapokwenda nyumbani likizo, betri hizi husafiri katika mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe, si katika sanduku la chini. Yetu, yenye wati-saa 24 hivi, imo ndani ya kiwango cha wati-saa 100 ambacho kwa kawaida hakihitaji idhini ya shirika la ndege.

Limebaki lile la kutorusha. Machi 2016 Dubai iliandaa mashindano makubwa ya droni, na kikosi cha kijana wa Uingereza mwenye umri wa miaka 15, Luke Bannister, kikajishindia dola 250,000. Watoto wetu wameiona filamu yake, nao huuliza kwa nini wao wakatazwe. Tuwaeleze kwa upole kilichotokea baadaye. Tarehe 17 Januari 2022 Abu Dhabi ilishambuliwa kwa droni na makombora, na watu watatu wakafa. Tarehe 22 mwezi huo Wizara ya Mambo ya Ndani ikapiga marufuku watu binafsi kurusha droni na ndege nyepesi za michezo. Mwishoni mwa 2024 marufuku hiyo ilianza kulegezwa kwa hatua, kwa masharti ya usajili na vibali. Dubai nayo ina Sheria Na. 4 ya 2020 inayosimamia ndege zisizo na rubani. Ndege yetu ya mfano, hata ikiwa na mabawa mazuri kama ya Caravan, haina rubani ndani yake.

Zaidi ya hayo, tazameni tunapoishi. Uwanja wa Al Maktoum, uliofunguliwa kwa mizigo mwaka 2010 na kwa abiria mwaka 2013, ni jirani yetu. Na Aprili 2024 uliidhinishiwa upanuzi wa dirham bilioni 128. Juu ya paa zetu pana njia ya watu. Kiwanja cha mchanga kilicho tupu nyuma ya maghala kinamvutia mtoto, twajua, lakini utupu wake si ruhusa. Na kwetu sisi wageni jambo hili lina uzito mwingine: mtoto hukaa nchini kwa visa ya mzazi, na mchezo wa dakika tano unaweza kumfikisha baba mbele ya polisi. Atakaye kurusha, aanze kwa kuuliza mamlaka husika, asajiliwe, na aende mahali palipoidhinishwa. Nyumbani pia si holela: Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020, na Tanzania nayo hutaka vibali.

Je, ndege isiyoruka ina faida gani? Ina faida tele. Mota hupimwa mezani, mizani ikionyesha mvuto wake. Usukani hujaribiwa, mkia ukipanda na kushuka kwa amri ya redio. Urushaji wenyewe hufundishwa kwa programu za kompyuta zinazoigiza ndege, ambamo kuanguka mara mia hakugharimu fulusi. Na baba anayerudi kazini saa mbili usiku, akakaa nusu saa na binti yake wakikata mbavu za bawa, amempa kitu ambacho hakihitaji kibali cha mtu.

Zoezi kwa watoto: ndege ina kilo 1.5 na yahitaji wati 200 kwa kila kilo. Betri yake ina volti 14.8 na ampea-saa 3. Kwa nguvu zote, na tukiacha asilimia 20 ya chaji, itaruka dakika ngapi? Andikeni hatua zote, si jibu peke yake. Majibu tutayatoa mwezi ujao, tukijaaliwa.